Mhusika Lazima Atajwe

Nchi ninayoisimulia haipo, na wanaoishi humo wanalijua hilo vizuri kuliko mimi. Ina mji mkuu mmoja, bwawa moja, kiongozi mmoja, na mtambo mmoja wa kompyuta unaoviangalia vyote vitatu. Watu wake hawaogopi kitu. Wanatetemeka, ni kweli, lakini Idara ya Hali ya Hewa ilikwisha kueleza kwamba huko kuna baridi ya mwaka mzima, na mtu mmoja aliyeonekana akitetemeka huku anatoka jasho aliitwa ofisini kueleza jasho hilo amelipata wapi.

Kazi yangu ilikuwa kusoma. Nalisema hilo kwa fahari, kwa kuwa herufi nilizijua ukubwani, kwenye darasa la jioni, nikiwa tayari baba wa watoto watatu, nikapanda mpaka nikawa Msomaji Mkuu wa Logi. Logi si kitu kigumu. Mtambo ule uliunganishwa na mabomba ya maji, nyaya za umeme, milango ya ofisi, vipimo vya mvua na vya mwanga. Kila jambo lilipotokea, hata dogo namna gani, uliandika mstari mmoja: tarehe, saa, uzito wa jambo, na jambo lenyewe. Mistari hiyo ndiyo mafundi waliyoiita logi. Nasikia katika nchi nyingine husomwa na mafundi peke yao, tena pale kitu kinapoharibika. Kwetu ilisomwa kila siku saa tatu asubuhi katika Ukumbi wa Usikivu, mbele ya Mtukufu Mlezi wa Taifa na mawaziri wake, kwa sauti kubwa. Mtukufu peke yake ndiye aliyekaa.

Fundi wa mtambo alikuwa Shebughe, mume wa binti yangu Zawena. Alikuwa mtu mpole, mwenye tabia ya kumjibu ukweli kila anayemuuliza, jambo lililotukosesha raha nyumbani.

*

Mambo yalianza siku Waziri wa Kumbukumbu, Mheshimiwa Dokta Lugome, alipogundua kwamba muundo wa mistari ile unaweza kubadilishwa. Siku zote alidhani mtambo unaandika vile kwa maumbile yake, kama mbuzi anavyolia. Alikuja chumba cha mtambo kukagua mapazia, akamuuliza Shebughe swali la kupitisha wakati, naye Shebughe akamjibu.

"Kwa hiyo mtu anaweza kuuambia useme vipi?"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Kuna faili la muundo. Unaandika unataka nini kitangulie na nini kifuate. Ni kazi ya dakika tano."

Waziri akatafuta kiti. "Dakika tano," akasema polepole. "Na sisi miaka sita tunamsomea Mtukufu neno 'kosa'."

Jioni ile ile ikaundwa Kamati ya Watu Arobaini ya Kurekebisha Muundo, ikakaa miezi minane.

Kabla ya hapo mtambo ulikuwa na viwango vinne vya uzito: taarifa, onyo, kosa na hatari. Kamati ilianza na "hatari", ikaifuta kwa sababu inatisha. Kisha ikafuta "kosa", kwa kuwa mtambo ni mali ya Serikali na Serikali haikosei. "Onyo" lilibishaniwa wiki mbili, mpaka mjumbe mmoja aliposimama na kuuliza, "Huu mtambo ni nani hata uionye Serikali?" Wajumbe wote wakapiga makofi haraka, kila mmoja akichungulia nani amechelewa. Yakabaki madaraja mawili: "taarifa" na "taarifa njema". Moto ukiwaka ni taarifa. Moto ukizimika ni taarifa njema.

Kisha ikaamuliwa kila mstari utanguliwe na majina ya heshima ya Mtukufu, yote sitini na moja. Niliyakariri kwa siku tatu na sikuwahi kukosea hata moja. Lakini siku ghala la sare, lililopakana na ukumbi wetu, liliposhika moto, printa ilitoa mstari wake papo hapo, nami nilikuwa katikati ya "Mfungua Mito, Mfunga Mipaka". Moshi ukaingia madirishani. Mawaziri wakakohoa kwa adabu. Hakuna aliyetoka, kwa sababu habari ya moto ilikuwa haijasomwa. Nilipofika kwenye neno "moto" tulikuwa hatuonani, na ghala lilikuwa limekwisha.

Kamati ikakaa tena, ikajifunza somo kubwa. Ilitamka kwamba majina ya heshima hayakuwa na tatizo lolote. Tatizo ni kwamba mstari ule ulisema ghala limeungua bila kusema limeunguzwa na nani.

"Muundo huu ni wa waoga," alihutubia Dokta Lugome. "Unataja tendo, unamficha mtendaji! Kuanzia sasa kila mstari uishie na sehemu ya lazima: Mhusika. Jina kamili, na namba ya kitambulisho cha taifa."

Shebughe alikuwa amesimama mlangoni na kebo mkononi. Nilimkazia macho asiongee. Akaongea.

"Samahani, Mheshimiwa. Mvua ikinyesha, tuandike nani?"

"Aliyehusika."

"Na kama hakuna?"

Waziri alimtazama kwa huruma. "Ndugu fundi, katika nchi hii hakuna jambo linalojitokea lenyewe. Hiyo ni tabia ya nchi zisizo na serikali."

*

Sasa mtambo una ukaidi wake. Sehemu ikiitwa ya lazima, haikubali kuachwa tupu, na namba isiyo ya raia aliye hai inakataliwa. Ilibidi pawepo jina moja la kujazwa na mtambo wenyewe kila pale jambo linapotokea na mtu haonekani. Shebughe akaandika barua ya heshima kuuliza jina hilo liwe la nani. Barua ilizunguka ofisi kumi na tisa, ikarudi na mihuri kumi na tisa, na chini ya kila muhuri neno moja: "Imeonekana."

Akafanya wanavyofanya mafundi. Unapojaribu kitu ambacho hakijakamilika, unaweka chako. Akaweka jina lake na namba yake ya kitambulisho, kwa majaribio tu, ili atazame kama mistari inapangika. Alikusudia kuliondoa mchana baada ya chakula.

Kabla ya chakula Dokta Lugome aliingia na bendi ya tarumbeta na wapiga picha. Akaona mistari inapita kwenye skrini imenyooka vizuri, kila mmoja na jina mwishoni. "Umeanza kazi!" akatangaza, tarumbeta zikalia, na hapo hapo akasoma sheria mpya. Muundo umefungwa. Atakayeugusa bila mwandiko wa mkono wa Mtukufu atanyongwa, kisha ataulizwa sababu.

Shebughe alikuja kwangu moja kwa moja, hajavua beji. Alikaa kwenye ukingo wa kiti kama mgeni.

"Baba, jina langu limo."

"Limo wapi?"

"Kwenye mvua," akasema. "Kwenye upepo. Kwenye kila kitu."

Kesho yake nikasoma. Sikuwa na la kufanya, nilisoma kilichoandikwa. "Upepo umevuma kutoka kusini. Mhusika: Shebughe. Bomba la Mtaa wa Saba limepasuka. Mhusika: Shebughe. Umeme umekatika kata tatu. Mhusika: Shebughe." Mistari mia nne na kumi na mbili. Kufikia mstari wa hamsini mawaziri walikuwa wanasogea mbali na mlango, kwa kuwa mlangoni ndipo alipokuwa amesimama. Kufikia wa mia, maafisa wawili wa Idara ya Utulivu walikuwa wamemshika, mmoja kila upande, naye ananitazama mimi, na mimi ninasoma.

*

Niliitwa kwenye mahojiano ili kusoma ushahidi. Chumba kilikuwa na meza moja, Shebughe upande mmoja, na upande wa pili afisa mpelelezi aliyekuwa akila karanga pamoja na mwenzake.

"Jumanne saa nane mchana ulikuwa wapi?"

"Nyumbani, afande. Nakula."

"Kwa hiyo ukakata umeme wa kata tatu huku unakula."

"Sikuukata. Ulikatika."

Afisa akamgeukia mwenzake. "Umemsikia? Ulikatika! Wenyewe tu, kama shanga kiunoni kwa mtu." Wakacheka mpaka karanga zikamwagika, kisha wakanyamaza ghafla, kwa kuwa mmoja wao alikuwa ametazama karatasi mpya iliyotoka. Mfungwa alikuwa mbele yao, lakini mtambo ulikuwa unaandika kwamba dakika ile ile ameshusha joto la mji kwa nyuzi mbili.

Wakamfunga mikono. Akaleta mawingu. Wakamfunga macho. Likatua jua. Yule afisa alisogeza kiti chake nyuma mpaka ukutani, na tangu hapo maswali yake yote alianza na "tafadhali".

Hukumu ilitolewa Ijumaa: atanyongwa Jumatatu asubuhi.

Zawena nilimkuta jikoni kwake anachambua mchele. Alikuwa anatupa mchele na kubakiza mawe kwenye ungo, wala haoni. Alisema bila kuinua uso.

"Baba, wewe unasimama mbele yake kila siku. Sema kitu."

"Mwanangu, mimi sisemi. Mimi nasoma tu."

"Siku ile ulisoma jina la mume wangu mara mia nne na kumi na mbili. Nimeambiwa hukukwama hata mara moja. Nimeambiwa ulisoma vizuri sana."

Nikaokota punje moja ya mchele chini, nikairudisha kwenye ungo.

"Basi kasome vizuri na kesho," akasema, akamwaga ungo wote chini.

*

Sheria ilikataza kubadili neno. Haikusema lolote kuhusu sauti. Usiku ule sikulala, na Jumamosi saa tatu nilisimama mbele ya Mtukufu. Mabomba yaliyopasuka niliyapitia haraka, kwa sauti bapa, kama mtu anayesoma maelekezo ya dawa ya panya. Lakini nilipofika kwenye mistari mingine nilituliza pumzi, nikainua kichwa, nikaiachia sauti yote niliyopewa.

"Saa kumi na mbili na dakika kumi na nane. Jua... limechomoza. Mhusika: Shebughe!"

Mtukufu alikuwa anakuna sikio. Mkono ukasimama.

"Saa mbili kasoro robo. Mvua ya neema imenyesha mashamba yote ya kaskazini. Mhusika: Shebughe!" Neno "neema" lilikuwamo, Kamati ndiyo iliyoliweka. "Saa mbili na dakika tano. Upinde wa mvua umetanda juu ya mji mkuu. Mhusika..."

"Ngoja," akasema Mtukufu.

Hata printa niliiona kama imepunguza mlio.

"Huyu Shebughe kafanya mambo mangapi tangu jana?"

"Elfu moja mia mbili na saba, Mtukufu."

"Na mimi?"

Nikapekua karatasi. Nilizipekua zote, kwa kuwa nilitaka aone kwamba nimezipekua zote. "Mtukufu ametajwa mara mbili. Saa nne na dakika kumi, mlango wa jokofu la Ikulu umefunguliwa. Mhusika: Mtukufu Mlezi wa Taifa. Saa nne na dakika kumi na moja, mlango wa jokofu la Ikulu umefungwa. Mhusika: Mtukufu Mlezi wa Taifa."

"Umefungwa kwa ustadi mkubwa, Mtukufu," aliwahi Dokta Lugome.

Mtukufu hakumsikia. Uso wake, ambao tumeuona kwenye kila ukuta wa nchi, ulikuwa umeingiwa na kitu ambacho wapiga picha hawajawahi kukipata. Alikuwa anaogopa. "Miaka ishirini na tisa," akasema taratibu. "Miaka ishirini na tisa mnaniimbia mimi ndiye jua. Kumbe jua analichomozesha mfungwa."

Akagonga mkono wa kiti.

"Mleteni. Hiyo sehemu aniandike mimi."

Shebughe aliletwa na nguo za gereza, vifundo vya mikono vimevimba. Mtukufu akaandika kibali kwa mkono wake mwenyewe, akakitandaza kando ya kibodi. Na yule mkwe wangu, aliyebakiwa na siku mbili za kuishi, akaanza tena.

"Mtukufu, nipe ruhusa neno moja. Hii sehemu inajaza kila jambo lisilo na mtu. Mazuri, na pia..."

Nikakohoa. Nilikohoa mpaka Waziri wa Afya akaniletea maji.

"Na pia nini?" akauliza Mtukufu.

Shebughe alinitazama. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kutafuta jibu badala ya kulitoa. "Na pia mazuri zaidi, Mtukufu."

Ilimchukua dakika tano, kama alivyosema tangu mwanzo. Makosa yake yote yakahamia kwingine, akafunguliwa pingu, nikampeleka nyumbani mwenyewe. Zawena alipomwona alishika fremu ya mlango akashindwa kuiachia. Tulikula watatu, na kila upepo ulipogonga dirisha tuliacha kutafuna.

*

Jumapili ilikuwa nzuri. Jua lilichomoza, mhusika Mtukufu, makofi. Umande ukaanguka, mhusika Mtukufu, makofi. Mawaziri walirudi kwao viganja vimevimba. Mabomba, kwa bahati, hayakupasuka siku ile, au waliokuwa karibu nayo waliyashikilia kwa mikono.

Jumatatu, siku ambayo mkwe wangu angenyongwa, nilikuwa nimesoma mistari ishirini na sita ya asubuhi ile kwa makofi ishirini na sita. Msomaji mzoefu macho yake hutangulia mdomo. Mdomo wangu ulikuwa bado kwenye mstari wa ishirini na sita, kipepeo ameingia ofisi ya posta, pale macho yalipofika kwenye wa ishirini na saba.

Niliyaona maneno yote kwa mara moja. Niliwaza kuuruka. Lakini mistari ina namba, na karani wa Utulivu anazihesabu. Akikosa mmoja, atakayeulizwa kwanza ni fundi aliyeugusa muundo. Na chini ya bwawa kuna mitaa tisa. Zawena anakaa kwenye wa saba.

Makofi yakaisha. Nikasoma.

"Saa tatu na dakika tisa. Ukuta wa bwawa umepata ufa upande wa mashariki. Urefu, mita tatu. Mhusika: Mtukufu Mlezi wa Taifa."

Naibu waziri mmoja alipiga kofi moja kwa mazoea. Mikono yake ikabaki imegandana, hajui aiweke wapi.

"Rudia," akasema Mtukufu.

Nikarudia. Sauti haikutetemeka. Sijui kwa nini, kila kitu kingine kilitetemeka.

"Nani amesema hivyo?"

"Mtambo, Mtukufu," akajibu Dokta Lugome.

"Mtambo hauna mdomo. Mimi nimesikia sauti ya mtu."

Wote wakageuka kunitazama, wakashangaa, kama kwamba miaka yote ile hawakujua kuna mtu kati yao na karatasi. Ndipo Dokta Lugome akapiga hatua moja mbele, amepata wazo, na wazo lilimtoa jasho usoni, katika baridi ile.

"Mtukufu, muundo wetu una tundu! Tumemtaja mtendaji, tukamsahau msemaji! Bwawa lilikuwa zima mpaka saa tatu na robo. Sote hapa ni mashahidi. Tumeingia ukumbini nchi haina ufa. Ufa umeingia kwa mdomo." Akageukia wenzake. "Naomba sehemu ya Mhusika ifutwe, na mahali pake iwekwe: Aliyesema. Jina kamili na namba ya kitambulisho."

Mikono yote ikainuka. Mtukufu akaandika kibali. Akapelekwa dereva kumleta fundi.

Shebughe alikuja na ndala, ametolewa kwenye chai. Wakamwekea kibali mbele yake, wakamweleza, naye akasikiliza akitazama sakafu. Akaufungua muundo. Akaifuta sehemu ya zamani, akaandika ile mpya, kisha mtambo ukasimama unangoja jina. Niliona vidole vyake vinaanza kuandika la kwake. Herufi ya kwanza, ya pili. Nikasogea nikamwekea mkono begani, nikaubana, mpaka akazifuta.

Kando yetu printa ikatoa mstari mwingine. Ufa ulikuwa umefika mita nne. Karatasi ikaning'inia pale, hakuna aliyeichukua, kwa maana kazi ya kuichukua ilikuwa yangu na mimi nilikuwa nasubiriwa.

"Baba," akasema Shebughe bila kugeuka, kwa sauti ndogo na ya adabu, kama anavyoniamkia kila siku, "namba yako ya kitambulisho ni ngapi?"

Nikainua kichwa, nikatuliza pumzi, nikamsomea, tarakimu moja moja, bila kuruka hata moja.